Mabusu ya Chena

Siku nesi wa kliniki alipotuambia kwamba mjukuu wangu ana kasoro, mkono wangu mmoja ulikuwa umeshika mkoba wa nepi na wa pili umeshika mwavuli. Ilikuwa bahati yake, maana mkono wangu ukiwa mtupu huwa hauna adabu.

"Mtoto ametimiza mwaka," alisema, macho yakiwa kwenye kadi. "Kwa umri huu anatakiwa anyooshe kidole kuonyesha anachokitaka. Huyu hanyooshi."

"Amnyooshee nani kidole?" nikauliza. "Kwani ana kesi na mtu?"

Heyling, mke wa mwanangu, alinikanyaga mguu chini ya meza. Yeye ndiye mama wa mtoto, na ni mtu wa kuamini kila kilichoandikwa kwenye karatasi yenye mhuri.

"Anasema neno lolote?" nesi akaendelea.

"Bado," Heyling akajibu kwa sauti ndogo.

"Anapunga mkono kuaga watu?"

"Aage watu wa nini, kwani anasafiri?" nikasema. Nikakanyagwa tena.

Nesi akachora duara jekundu pale palipoandikwa kidole, akatuambia turudi baada ya mwezi mmoja. Mtoto akiwa bado hanyooshi, jina lake litapelekwa kwa wataalamu mji mkuu, Managua. Chena mwenyewe, ambaye jina lake kamili ni Azucena, alikuwa kwenye mapaja ya mama yake akinitumia mabusu. Alichongoa midomo kuelekea kwangu mara moja, mara mbili, mara tatu. Nikainama nikambusu mashavu yote mawili, naye akaangua kilio mpaka waliokuwa kwenye foleni wakachungulia ndani.

Hayo mabusu yalikuwa fahari ya nyumba yetu, ndiyo maana nayataja mapema. Mimi naoka rosquilla kama alivyooka mama yangu na kama wanavyooka nusu ya wanawake wa mji wetu wa Somoto, zile pete ngumu za mahindi na jibini za kuchovya kwenye kahawa. Kutoka asubuhi mikono yangu imezama kwenye unga. Mtu akija kuniuliza chekecheo liko wapi, namwonyesha bila kuacha kukanda, naye analipata. Heyling anafanya kazi manispaa, mwanangu Wilmer anazungusha rosquilla kwa pikapu hadi Managua, kwa hiyo Chena alikuwa wangu kutwa nzima. Alikaa kwenye kapu pana kivulini, mbali na tanuri, akitutazama tunavyofanya kazi. Nilifiwa na mume miaka sita iliyopita, na sioni haya kusema kwamba kabla ya mtoto huyu nilikuwa nikizungumza na tanuri.

Alipofikisha miezi tisa ndipo alipoanza. Alinitazama, akachongoa midomo mbele, akatulia hivyo hivyo. Nikapiga ukelele uliomtoa jirani yangu Tránsito nyumbani kwake na kijiko mkononi. "Ananibusu! Njooni mwone, mtoto ananibusu!" Tangu siku hiyo kila mtu aliyeingia uani alipata busu lake. Alimtumia Tránsito, akamtumia muuza kuni, akamtumia hata mbwa wa muuza kuni. Siku ya ubatizo alimtumia padri, mara tano, na padri akafurahi mpaka akaliingiza kwenye mahubiri, akasema huyu mtoto anatufundisha upendo. Baada ya misa kanisa zima lilipanga foleni kumbusu. Chena alilia kuanzia mtu wa pili hadi wa mwisho.

Maana hilo nalo lilikuwa jambo lake. Alituma busu, ukimrudishia analia. Ukimrudishia mawili anarusha kiatu. Tulisema ni ile damu ya kina Betanco, ukoo wetu, sisi ambao hasira zetu ziko karibu na mlango.

Sasa turudi kwenye kadi. Jioni ile ile Heyling alimpigia simu mama yake, Bi Melba, aliyeko Estelí, mwendo wa saa moja na zaidi kwa basi. Bi Melba alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na moja, na hata baada ya kustaafu bado anazungumza na watu wazima kana kwamba wamesahau daftari nyumbani. Heyling aliweka simu kwa sauti kubwa ili nisikie, au labda alisahau kuitoa.

"Unategemea nini?" Bi Melba alisema. "Mtoto anashinda kwenye moshi, anatazamana na unga. Nani anamfundisha? Mlete kwangu. Nina kadi za picha, nina vitabu, nina subira."

"Subira unayo, mwenzangu, hata hapa naisikia," nikamjibu huku nikikoroga sufuria.

"Eduvi, sisemi kwa ubaya."

"Wala mimi sijibu kwa ubaya."

Heyling alizima simu. Alikuwa na macho mekundu. "Mama," aliniambia, "mimi sijui nimsikilize nani. Tuupe mwezi. Akinyoosha kidole, tutaendelea kama kawaida. Asiponyoosha, ataenda Estelí, Jumatatu hadi Jumamosi, mpaka aanze kusema."

Wilmer alikuwa mezani. Nilimtazama anitetee. Mwanangu alipata akili ya kuoa, lakini ya kuamua aliiacha tumboni mwangu. Alisema kahawa ni tamu leo.

Niliogopa, sifichi. Niliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Kesho yake asubuhi nilitangaza uani kwamba kuanzia sasa hapa kwangu kila kitu kitaonyeshwa kwa kidole, mtoto aone, ajifunze.

Mikono yenye unga haikuumbwa kwa kazi hiyo. Nilinyoosha kidole kuonyesha mti, donge la unga likaruka likatua kwenye nguo za Heyling za kazini zilizokuwa kwenye kamba. Nilionyesha paka, paka akapata lake la jibini, akahamia kwangu moja kwa moja. Kila nilipoonyesha kitu, Chena hakutazama kile kitu wala kidole. Alitazama uso wangu, akasubiri, kisha akachoka. Nikamfunga utepe mwekundu kwenye kidole chake ili akikumbuke. Aliula. Utepe ulitoka kesho yake kwa njia inayojulikana, na Heyling alipoona nepi ile akapiga yowe akidhani mtoto anavuja damu.

Lakini kubwa lilikuwa la Tránsito. Siku hiyo jirani yangu alikuwa akipita barabarani, na watu wanne wako pale langoni wakisubiri rosquilla za moto. Mimi nikaona nafasi ya somo. Nikambeba Chena, nikanyoosha mkono wote na kidole mbele yake, nikapaza sauti: "Nani yule? Chena, nani yuleee?"

Kwetu mtu hanyooshewi kidole. Ng'ombe ananyooshewa, nyumba inanyooshewa, lakini mtu akinyooshewa kidole mbele ya watu, maana yake ameiba au polisi wako njiani. Tránsito alisimama pale pale.

"Unaninyooshea mimi kidole, Eduvi?"

"Namfundisha mtoto!"

"Unamfundisha kwamba mimi nani? Sema mbele za watu! Kuku yupi?"

"Sijataja kuku."

"Hujataja, lakini umenyoosha!" Akaondoka akikokota viatu na heshima yake. Wale wateja wanne walitazamana, na rosquilla hazikununuliwa kwa kelele kama kawaida.

Jioni Tránsito alirudi na kuku mwekundu chini ya kwapa. Akamtupa uani kwangu bila salamu, akaenda zake. Mimi nilikuwa sijui hata kama nimepoteza kuku.

Wiki ya tatu ikapita, na ya nne ikaanza kuyoyoma. Chena hakunyoosha kidole. Kidole chake alikitumia kwa pua yake, na mara moja kwa pua ya Wilmer. Mabusu ndiyo yaliongezeka. Alinitumia mengi kuliko wote, asubuhi hasa, nikiwa nimesimama mezani nakanda. Alichongoa midomo kwa nguvu mpaka shingo inatetemeka. Nilikuwa namwendea mbio na mikono yangu ya unga nyuma ya mgongo, nambusu kichwani, na yeye analia, nami naanza kulia naye, kwa sababu nilijua hesabu ya siku. Nilijisemea kwamba mtoto anajua anaondoka, ndiyo maana ananiaga kwa mabusu. Mtu mzima mwenye meno yake nikawaza upuuzi huo.

Siku ya kurudi kliniki Bi Melba alifika kwa basi la mapema. Alikuwa na kadi zake za picha zilizofungwa mpira na mkoba mpya mtupu wenye maua. Hakuna aliyeuliza mkoba ni wa nini. Aliketi kwenye benchi, akamtazama Chena kwenye kapu, na Chena akamchongolea midomo.

"Mmeona?" Bi Melba akasema, uso umemng'aa. "Mara moja tu nimeingia, na busu nimepata. Damu haipotei." Akainama akambusu. Chena akamvua miwani akaitupa kwenye majivu.

Kliniki ilikuwa na watu wengi. Nesi alikuwa yule yule. Sisi watatu tukajipanga upande mmoja wa meza, mama katikati na bibi huku na huku. Nesi akamkalisha Chena kwenye mizani ile ya sahani, akamshika kwa mikono miwili asianguke, kwa sababu Chena hakubali kupimwa akiwa ametulia.

"Tuone sasa," akasema. "Bibi, una picha? Mwonyeshe."

Bi Melba alikuwa akiisubiri siku hii maisha yake yote. Akaweka kadi mbili mezani, ya mbwa na ya ndizi. Akatumia sauti ya darasani. "A-zu-ce-na. Mbwa yu-ko wa-pi?"

Chena akatazama kadi. Akachongoa midomo.

"Anambusu mbwa," Heyling akasema kwa huzuni.

"Kidole, mpenzi," Bi Melba akamwambia. "Ki-do-le. Ndizi iko wapi?"

Chena akageuza kichwa kidogo, akachongoa midomo tena.

"Na ndizi anaibusu," nesi akasema. "Ni mtoto mwenye upendo, lakini mnaona wenyewe." Akaachia mkono mmoja kutoka kwenye mizani kutafuta kalamu ya kuandika. Akapapasa mfukoni, akapapasa mezani. "Kalamu yangu imeenda wapi tena?"

Tukainama wote kutafuta chini. Chena akamtazama nesi kichwani, akachongoa midomo kwa nguvu zake zote.

"Ooo, na mimi amenibusu," nesi akasema, akasahau kalamu.

Wakati huo mlango ukafunguliwa, akachungulia mzee mwenye kofia kifuani. "Samahani, dada nesi. Chanjo ya pepopunda wanachoma wapi?"

Nesi alikuwa amemshika Chena tena kwa mikono miwili. Hakusema neno. Aliinua kidevu kidogo, akachongoa midomo kuelekea chumba cha kushoto mwa ujia.

"Asante sana," mzee akasema, akaenda kushoto.

Mimi nilikuwa bado nimeinama chini ya meza, kwa hiyo niliziona nyuso zao mbili kutoka chini, uso wa nesi juu ya uso wa Chena. Ule mdomo ulikuwa mmoja. Nilijigonga kichwa kwenye meza nikiinuka.

"Yule mzee umemwambia nini?" nikamwuliza nesi.

"Yupi? Nimemwambia chumba cha kushoto."

"Hukumwambia! Hukufungua kinywa!"

"Mama, tafadhali," Heyling akasema, akitafuta mguu wangu. Safari hii nilikuwa nimeisogeza miguu.

"Umemwonyesha kwa mdomo! Kama ninavyoonyesha mimi, kama anavyoonyesha Wilmer, kama anavyoonyesha kila mtu katika mji huu mwenye mikono iliyojaa kazi!" Nikamgeukia mtoto. "Chena. Chena wangu. Mbwa yuko wapi?"

Midomo ikaenda kwenye kadi ya mbwa.

"Ndizi?"

Midomo ikaenda kwenye kadi ya ndizi.

"Kiatu chako?"

Akakunja shingo, akachongoa midomo kuelekea chini ya mizani. Heyling akachungulia. Kiatu kilikuwa huko.

Nesi alikuwa bado amemshika Chena kwa mikono miwili. Nikauliza taratibu, kwa sababu nilitaka kila mtu asikie: "Na kalamu ya nesi?"

Chena akamtazama nesi juu ya kichwa, akachongoa midomo. Nesi akapeleka mkono polepole kwenye kifundo cha nywele zake, akachomoa kalamu.

Heyling alianza kucheka na kulia kwa pamoja. Nesi aliishika ile kalamu akaitazama kama imeokotwa mtoni.

"Lakini fomu inasema kidole," akasema hatimaye.

"Fomu imeandikwa na watu ambao hawajawahi kukanda."

"Bibi, mimi siwezi kubadilisha fomu ya wizara."

"Na yule mzee utamwandika kasoro? Ameuliza, ameonyeshwa kwa mdomo, amekwenda. Au nikamrudishe apelekwe Managua?"

Nesi aliwaza. Akatazama mlango, akaukuta umefungwa. Kisha akakata neno kidole kwa mstari mmoja safi, juu yake akaandika mdomo, akaweka alama ya vema na kupiga mhuri. Kwa Heyling, mhuri ndio uliomaliza maneno.

Nilidhani tumeshinda. Nilitoka kliniki nikitembea katikati ya barabara. Lakini tulipofika nyumbani Bi Melba aliketi kwenye benchi, akauweka ule mkoba wa maua magotini, akasema kwa utulivu, "Kwa hiyo hayakuwa mabusu."

Hilo sikuwa nimeliwaza.

"Miezi minne," akasema. "Padri alikuwa na mshumaa mkononi, nakumbuka, mtoto alikuwa anautaka mshumaa. Mimi leo alikuwa anataka miwani yangu. Na wewe, Eduvi, kila asubuhi pale mezani, nyuma yako kuna nini?"

Niligeuka. Nyuma ya mahali ninaposimama kukanda kuna rafu. Kwenye rafu kuna kapu la rosquilla, na kando yake kuna mtungi wa maji.

"Mtoto alikuwa na kiu," Bi Melba akasema. "Alikuomba maji, ukampa busu. Akakuomba tena, ukampa mawili. Miezi minne, Eduvi. Sisemi kwa ubaya. Lakini huku ndiko kwa kumlea mtoto?"

Nilimwona Chena na shingo yake inayotetemeka, akiniomba maji kwa nguvu zote alizopewa, na mimi namwendea mbio na midomo yangu. Afadhali angenitukana. Nilitaka kumwambia kwamba hata yeye huko Estelí angembusu vile vile, lakini macho yangu yalirudi kwenye mtungi.

"Sisi walimu hatuonyeshi vitu kwa mdomo," Bi Melba akaongeza. "Angepata mfano mzuri."

Heyling alikuwa amesimama kati yetu na kadi yake yenye mhuri. "Labda miezi miwili mitatu tu, mama," akaniambia bila kunitazama. "Mpaka aanze kusema vizuri." Akaingia ndani na mkoba wa maua. Nilisikia saraka zinavutwa. Nilichukua kitambaa nikafuta meza ambayo nilikwisha kuifuta.

Basi la Estelí lilikuwa la saa nane. Saa saba na nusu Bi Melba alimbeba Chena kiunoni, Heyling akatoka na mkoba umejaa. Mimi nilibaki nimesimama kando ya tanuri. Sikwenda kumbusu, kwa sababu sasa nilikuwa nayaonea haya mabusu yangu. Nilisema tu, "Mpe maji njiani."

Walifika langoni. Pale Chena akageuza kichwa nyuma, juu ya bega la Bi Melba, akachongoa midomo kuelekea uani.

"Anataka kitu," Heyling akasema.

"Basi apewe," Bi Melba akasema, akarudi hatua mbili. "Sasa tunajua lugha yake, hatuna udhuru. Ni rosquilla. Eduvi, mpe moja."

Nikachukua moja kwenye kapu, nikampelekea. Chena akaisukuma ikaanguka, yule kuku mwekundu wa Tránsito akaikimbilia. Nikarudi mahali pangu. Midomo ikachongoka tena.

"Ni kuku," Heyling akasema. Akamfukuza kuku mpaka nyuma ya nyumba. Midomo haikumfuata kuku.

"Kuna mjusi ukutani," Bi Melba akasema, akikaza macho kupitia kioo chenye majivu. "Nyuma ya Eduvi. Watoto wanapenda mijusi." Heyling akachukua ufagio akamkimbiza mjusi hadi juu ya paa. Midomo ilibaki pale pale, inatetemeka, na sasa macho yalikuwa yameanza kujaa machozi.

"Hebu Eduvi, ondoka hapo," Bi Melba akasema kwa ukali wa darasani. "Unaziba. Hatuoni anachoonyesha."

Nikasogea kushoto, hadi kwenye mti wa mlimau.

Midomo ikaenda kushoto.

Tukatazamana wote watatu. Bi Melba ana kasoro zake, lakini ni mwalimu, na mwalimu hakubali jibu kabla ya kulihakiki. "Kulia," akaniamuru.

Nikaenda kulia, nikapita tanuri, nikafika kwenye rundo la kuni. Midomo ikapita tanuri, ikafika kwenye rundo la kuni.

"Zunguka."

Nikazunguka tanuri lote, mwanamke wa miaka sitini na mmoja na aproni, huku Tránsito akichungulia juu ya ua na kijiko chake. Nilipopotea nyuma ya tanuri, Chena alitulia akasubiri. Nilipotokeza upande wa pili, midomo ilikuwa tayari imefika, inanisubiri mimi.

"Chuchumaa."

"Magoti yangu, Melba!"

"Chuchumaa, Eduvi."

Nikachuchumaa. Midomo ikashuka. Nikainuka kwa kushikilia tanuri. Midomo ikapanda.

Bi Melba akavuka uani polepole, akanikabidhi mtoto mikononi, na Chena akazika uso wake kwenye shingo yangu yenye unga, akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyemaliza kazi ngumu.

"Anabaki," Heyling akasema. Alikuwa akifuta macho kwa kadi ya kliniki. "Anabaki, basi. Mama, huu mkoba niuweke wapi?"

Bi Melba alikuwa amejitupa kwenye benchi, mkono mmoja unafuta miwani na wa pili umeshika rosquilla aliyojihudumia mwenyewe. Hakufungua kinywa. Aliinua kidevu, akachongoa midomo kuelekea chumba cha ndani, na Heyling akaupeleka mkoba huko huko.

Mimi nililiona. Tránsito naye aliliona juu ya ua, na tukatazamana kwa mara ya kwanza tangu siku ya kuku. Sikusema neno, na ninaomba nihesabiwe hilo.

Chena aliinua kichwa begani kwangu. Akanitazama usoni, kisha akachongoa midomo. Midomo yangu nayo kwa mazoea ilikuwa imeshaanza safari kuelekea shavuni kwake. Niliizuia njiani, nikageuka kuangalia nyuma yangu. Ulikuwepo mtungi.

Nikampa maji. Alikunywa kikombe kizima bila kupumzika, akaomba kingine.